Mtani Kaingia Senema

Ouagadougou, Burkina Faso
3 Machi 2019

Mjomba wangu,

Koo langu limekauka. Msimu huu upepo wa harmatani unashuka kutoka Sahara na jiji zima limegeuka rangi moja nyekundu: miti, kuta, pikipiki, mpaka meno ya anayecheka nje.

Kila mtu aliniagiza kitu. Mama kaagiza kitenge, dada mafuta ya shea, na wewe ukaagiza habari: nikaangalie huku senema inaoneshwa kwa mashine gani, na nani anaishika. Nianze na hilo, maana nakujua, mengine hutayasoma mpaka upate jibu.

Mikanda imekwisha, Mjomba. Filamu yetu imesafiri ndani ya diski ndogo kuliko msahafu, nimeizungushia khanga nikaiweka kwenye begi la mkononi, kutoka Dar mpaka Addis Ababa na kutoka Addis mpaka hapa. Nilimkabidhi fundi, akaichomeka kwenye mashine, basi. Hakuna mabati, hakuna gundi ya kuungia mkanda uliokatika, hakuna kukodoa macho kungoja kile kidoa kinachotokea juu kulia ili uwashe mashine ya pili. Picha bado ni 24 kwa kila sekunde. Hilo peke yake ndilo lililobaki la enzi zako.

Lakini fundi mwenyewe ungempenda. Ni mtu mzima, shati kalifunga vifungo mpaka shingoni. Hajui Kiingereza, na Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu. Nikamwonesha picha yako kwenye simu, ile umesimama na baiskeli mlangoni pa senema ya Majestic, mabati ya mikanda yamefungwa nyuma kwa mpira. Hakuuliza kitu. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya chumba chake. Mashine mbili za milimita 35 zimesimama pale zimefunikwa shuka. Alipolivuta nikaona zinang'aa mafuta. Hazijaonesha chochote siku nyingi. Yeye anazipaka mafuta tu. Akasukuma gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka bila kutoa sauti, naye akainua nyusi kunitazama. Nimeelewa kwamba habari hiyo ni yako, nami nimeifikisha.

Huku walichelewa kuagana na mkanda kuliko wengi. Mpaka mwaka 2013, filamu ndefu haikuweza kushindania tuzo kubwa ya tamasha hili la filamu, FESPACO, kama haikuwa kwenye mkanda wa milimita 35. Aliyepiga kwa kamera ya dijitali ilimbidi atafute fedha za kuihamishia kwenye mkanda, fedha zinazotosha kutengeneza filamu nyingine kwa mtu wa aina yangu. Sharti hilo liliondolewa 2015. Yetu ni fupi, kwa hiyo lisingetugusa, lakini nimekaa na waongozaji wa Mali na Senegali wanaolisimulia sharti lile kama watu wanavyosimulia njaa.

Wewe Kigombe, tulikopiga filamu yetu, ulikuja siku ile moja ya mashua, ukala wali wa nazi kwa samaki, ukarudi Tanga na basi la jioni. Mengi hukuyaona. Fedha za filamu zilitoka kwenye harusi. Miaka yote ambayo ukoo mzima umekuwa ukinicheka kwamba nimesoma ili nishike kamera kwenye sendofu na kicheni pati, nilikuwa natoa kidogo kila shughuli naweka pembeni. Maharusi wa Tanga, Muheza na Korogwe ndio wadhamini wetu, na wenyewe hawana habari. Kamera ni ileile ya harusi. Tulichokodi ni taa na vifaa vya sauti. Kibali cha Bodi ya Filamu kilipotoka, tukahamia kijijini na magodoro. Waigizaji ni watu wa Kigombe, isipokuwa shemeji wa kwenye filamu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ana sauti ya kuamrisha. Hakuna aliyepata posho ya maana. Walikula, walilipwa nauli, na walipewa ahadi. Hiyo ahadi nitaifikia.

Ratiba haikuwa mikononi mwetu, ilikuwa mikononi mwa bahari. Ile picha ya mjane anaukata mchanga kuifuata mashua ilitaka maji yaliyokupwa kabisa, maji ya bamvua, na jua la asubuhi. Bamvua haliji kila siku. Ukiikosa asubuhi hiyo, unangoja mwezi ujae au uandame. Tuliikosa kwa mawingu, tukangoja, tukashuti za ndani ya nyumba, tukala akiba yote ya unga. Na kusi nalo likatukomesha upande wa sauti. Kijana wetu alivalisha maikrofoni manyoya yake, akaongeza kipande cha blanketi, bado upepo ukapenya. Mwishowe mazungumzo mengi tuliyarekodi upya usiku, ndani ya stoo ya nyavu, waigizaji wamekaa juu ya marundo. Nyavu zinameza mwangwi vizuri kuliko studio nyingi nilizowahi kuingia. Kwa hiyo ukimsikia mjane akimwambia shemeji yake kwamba mashine ile ina jasho lake, pwani unaiona, lakini sauti imetoka stoo, na ukisikiliza sana utamsikia panya.

Kisa chenyewe unakijua, nusu yake umenisimulia wewe. Mvuvi amefariki. Baada ya arobaini nduguze wanakuja kuichukua mashine ya boti, Yamaha ya farasi kumi na tano, kwa madai kwamba ni mali ya ukoo. Mjane anaijua hesabu ya mirathi: ameachiwa watoto, basi thumuni ni yake, na watoto wana fungu lao. Lakini thumuni ya mashine utaikataje? Unachukua propela? Ndiyo filamu nzima hiyo. Katikati yake kuna msiba, na katikati ya msiba kuna mtani.

Nikueleze habari ya yule mtani, kwa sababu bila yeye nisingekuandikia barua ndefu. Anaingia matangani, Mzigua, amevaa kofia na koti la marehemu. Anachechemea alivyochechemea marehemu. Anamsema marehemu kwa madeni yake, dukani kwa nani na kwa nani, kisha anajilaza chali juu ya ile mashine na kukataa katakata kuondoka mpaka alipwe. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mjane hacheki. Anamtazama mtu aliyevaa koti la mumewe, na kamera inakaa usoni pake muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Tulipokuwa tunahariri, nilimtumia nakala mshauri mmoja Ulaya, mtu mwenye uzoefu na nia njema, anayesaidia filamu za Kiafrika kupata nafasi kwenye maonesho ya kimataifa. Akajibu kwa ukurasa mzima wa sifa na ombi moja: kipande cha mtani kiondoke. Mtazamaji wa nje, alisema, hatajua acheke au alie, na hatamwelewa huyu mwendawazimu ametokea wapi. Kama hatutaki kukiondoa, basi tuweke maandishi ya maelezo mwanzoni. Mhariri wetu, kijana wa Chumbageni asiyependa maneno, aliisoma ile barua pepe, akafunga kompyuta, akaenda kununua chipsi. Aliporudi akaniuliza, "Mtazamaji wa nje ya wapi?"

Hatukukitoa, na maelezo hatukuweka.

Zamu yetu ilikuwa jioni, kwenye fungu la filamu fupi. Kuingia tu ni kazi. Tangu magaidi waliposhambulia hoteli ya Splendid na mkahawa wa Cappuccino Januari 2016, halafu makao makuu ya jeshi na ubalozi wa Ufaransa Machi 2018, huingii ukumbini bila kupekuliwa. Watu wanapanga foleni, wanafungua mikoba, wanainua mikono, wanasonga. Nilidhani hofu itawaweka nyumbani. Wamekuja na watoto. Wameegesha pikipiki mpaka ng'ambo ya barabara, wanawake wameshuka wamevaa zile nguo za kufumwa kwa mkono wanazoziita faso dan fani, wananukia marashi na moshi wa mishikaki ya hapo nje.

Nilikaa safu ya nyuma karibu na mlango. Dakika za mwanzo kimya, na kimya cha ukumbi uliojaa kinamtisha mwenye filamu kuliko zomeazomea. Mjane anaparua magamba ya changu, kimya. Shemeji anahesabu fedha za rambirambi mara ya pili. Mtu mmoja akakohoa. Nikaanza kuihesabu milango.

Kisha mtani akatokea na lile koti. Hajasema neno bado, na maandishi ya Kifaransa hayajatokea chini ya picha. Mwanamume mmoja safu za mbele akapiga yowe, na ukumbi wote ukaangua kicheko. Alipojilaza juu ya mashine, mtu akamrushia maneno kwa Kimoore, mwingine akamjibu kutoka upande wa pili, na sasa watu wakawa wanawacheka hao wawili badala ya filamu. Kijana mmoja alisimama akatoa sarafu mfukoni, akainyoosha kuelekea kwenye pazia ili mtani apokee aondoke. Halafu kamera ikamfikia mjane. Kicheko kikakatika, kwanza kule mbele, kisha katikati, kisha huku kwetu, na mama mmoja akasema kitu kwa sauti isiyo kubwa. Nilimuuliza jirani yangu baadaye. Alisema, "Mwacheni mwenzenu."

Umenisimulia mara nyingi jinsi Majestic ilivyokuwa ikichemka siku ya filamu ya Kihindi, watu wanaimba pamoja na mwimbaji na kumwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Nilikuwa nakusikiliza kwa heshima tu, Mjomba, ya kusikiliza mambo yaliyokufa.

Baada ya filamu ndipo nilipoogopa zaidi, kwa sababu maswali ni ya Kifaransa. Nikasimama pale mbele na maikrofoni, mikono inatoka jasho. Akainuka dada mmoja mwandishi wa habari, mtu wa Bukavu, akaniambia, "Dada, wewe sema tu Kiswahili, miye ntabaambia." Na akawaambia kweli. Nikawa naongea Kiswahili cha Tanga, yeye anakigeuza Kifaransa, mzee mmoja anakigeuza Kimoore kwa mkewe, na majibu yanarudi kwa njia ileile. Swali la kwanza lilitoka kwa fundi pikipiki: mashine ile ni ya farasi wangapi, na inakula petroli kiasi gani? Nchi hii haina bahari, lakini hakuna aliyeuliza habari ya bahari. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua kwa nini mwishoni kamera inamkalia mjane mbali. Nikamwambia kwa sababu amekwisha kutazamwa vya kutosha. Sijui kama dada wa Bukavu aliitafsiri hivyo. Jibu lake lilikuwa refu kuliko langu, na watu walipiga makofi.

Mzee yule naye akapewa maikrofoni. Hakuuliza, alieleza. Kwao Wamossi, alisema, katika mazishi ya mtu mzima yuko mwanamke wa ukoo anayevaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na maneno yake, na watu wakamwita kwa jina la aliyefariki mpaka shughuli imalizike. Na kuna Wasamo, watani wa Wamossi, ambao msiba wa Kimossi kwao ni siku ya kazi: wanaingilia mazishi, wanazuia njia, wanadai chao. Kisha ndipo akauliza: yule mtani wenu alilipwa ngapi? Nikasema kwenye filamu alipewa elfu tano. Ilipogeuzwa kuwa faranga za huku, mzee akatikisa kichwa akasema tumemdhulumu.

Simlaumu yule mshauri. Yeye alisema ukweli wa ukumbi anaoujua. Kinachonisumbua ni kwamba na mimi nilikuwa nimeukubali ukumbi ule kuwa ndio dunia. Nilipokuwa nikiandika kila onesho, kuna mtu alikuwa amekaa kichwani mwangu nikimweleza mambo, na mtu huyo hakuwahi kuwa Mmossi. Hakuwa hata wa Muheza. Tunasema tunatengeneza filamu zetu, halafu tunazikata kwa kipimo cha watu arobaini wastaarabu katika mji wenye theluji, watu wazuri kabisa, lakini wangapi hao? Hapa nimekaa kati ya mamia ambao hawajawahi kufika Tanga, na hakuna aliyehitaji maelezo.

Watazamaji hawa hawakuzuka tu. Mwaka 1969 ndipo watu wachache walipofanya hapa wiki ya senema ya Kiafrika, na kamati yake iliongozwa na mwanamke, Alimata Salembéré. Sembène Ousmane wa Senegali alikuwa miongoni mwa waliolilea jambo hili tangu mwanzo, na alikuwa akija na kurudi mpaka uzee, akifikia hoteli ya Indépendance chumba kilekile. Mwaka uliofuata, 1970, serikali ya Upper Volta, kama ilivyoitwa nchi hii, ilivutana na makampuni mawili ya kigeni, COMACICO na SECMA, yaliyokuwa yameshika senema karibu zote za Afrika Magharibi ya Kifaransa. Mvutano ulikuwa juu ya fedha za tiketi. Serikali ikazitaifisha kumbi, ikaunda shirika lake, na sehemu ya kila tiketi ikawa inaingia kwenye mfuko wa kutengenezea filamu. Yaani mtu aliyekwenda kutazama filamu ya ngumi ya Hong Kong alikuwa anamlipia Mvolta mwenzake kamera. Wakatoka humo akina Gaston Kaboré na Idrissa Ouédraogo. Tilaï ya Ouédraogo ilichukua tuzo kubwa hapahapa mwaka 1991. Alifariki mwaka jana, na wiki nzima hii sijapita meza ya chai ambayo jina lake halikutajwa.

Na sisi? Shirika letu la Filamu, TFC, liliundwa 1968, na mikanda yake imepita mikononi mwako. Kodi ya tiketi ilikuwapo. Lakini sijawahi kukutana na mtu anayeweza kunitajia filamu iliyotengenezwa kwa senti zake. Video zilipoingia, kumbi zikageuka makanisa na maghala, na pale Drive-in ya Dar es Salaam, ambapo familia zilijaa kwenye magari na vikapu vya sambusa, leo pamesimama ubalozi wa Marekani. Watazamaji wenyewe hawakwenda popote. Walihamia kwenye vibanda umiza, wakabanana kwenye mabenchi wakimsikiliza Lufufu akiwasimulia filamu ya Kimarekani kwa Kiswahili cha mtaani, na walilipa kila siku. Waliokosekana ni sisi wa kuwapelekea kitu.

Usidhani nimefika peponi. Huku nako kumbi nyingi zimefungwa. Bobo-Dioulasso, mji wao wa pili, watu wanachangishana kuijenga upya Ciné Guimbi. Na hali ya usalama kaskazini inasikitisha. Ila tabia ya kwenda senema imebaki kwa watu.

Kuna mambo nitakusimulia nikifika, kama siku waongozaji walipoizunguka ile sanamu ya mzunguko wa barabara yenye umbo la mikanda na lenzi, wameshikana mikono, wanawakumbuka waliotangulia. Niliingia kwenye duara, mkono mmoja nimeshikwa na Mchadi, mwingine na Mmisri. Nikamkumbuka Nangayoma Ng'oge. Arusi ya Mariamu, aliyoitengeneza na Ron Mulvihill, ilipata tuzo katika jiji hili mwaka 1985, na nimemkuta mzee mmoja mkosoaji anayeikumbuka picha moja moja. Nyumbani nimesoma chuo pamoja na watu wa filamu ambao hawajawahi kuisikia.

Jana ndiyo ilikuwa kufunga. Tuzo kubwa, ule Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, imekwenda kwa Mnyarwanda, Joel Karekezi, kwa filamu inayoitwa The Mercy of the Jungle: wanajeshi wawili wamepotea kwenye msitu wa Kongo wakati wa vita ya 1998. Kiswahili kimo ndani yake. Rais Kagame alikuwapo ukumbini, maana Rwanda ndiyo iliyokuwa mgeni wa heshima mwaka huu. Mkenya, Samantha Mugatsia, akapata ya mwigizaji bora wa kike kwa Rafiki, filamu ambayo kwao Kenya ilipigwa marufuku mwaka jana. Sisi hatukupata kitu, na sikusikitika. Niliziona zilizoshinda upande wa fupi, zilistahili.

Lililonikera ni moja. Yennenga alikuwa binti mfalme, mpanda farasi, mpiganaji. Wamossi wanamwita mama wa ukoo wao. Sanamu ya tuzo ni yeye juu ya farasi, mkuki mkononi. Miaka 50 ya tamasha, na hakuna mwanamke aliyewahi kukabidhiwa. Wanawake waongozaji wamelisema wiki hii waziwazi kwenye mikutano, wengine kwa utulivu, wengine si kwa utulivu, na mimi niliwapigia makofi hawa wa pili.

Jana hiyohiyo wamezindua sanamu kubwa ya Thomas Sankara, na leo mji mzima unabishana. Dereva wa teksi aliyenirudisha hotelini aliapa kwamba yule si Sankara. Ametoa picha ya Sankara aliyoibandika kwenye kioo, anataka mimi mgeni niamue. Nimesema sura inafanana kidogo upande wa kofia.

Sasa ahadi. Nilipowaaga watu wa Kigombe niliwaambia filamu wataiona wao kabla haijatembea dunia, na tayari imetembea. Mtani wetu amenipigia simu juzi. Amesema isipooneshwa kabla ya Ramadhani, atakuja na godoro alale mlangoni kwangu, na yule simchukulii utani.

Nimefikiria sana usiku gani ufae, na ndipo ninapokuhitaji. Usiku wa giza picha itatoka vizuri ukutani, lakini usiku wa giza ndio wanaume wote wako baharini na taa zao wanavua dagaa. Tukionesha siku hiyo tutaonesha kwa wanawake, watoto na mbuzi. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wamelala nyumbani, wamejaa baraza zote, ila mwezi utaifuta picha. Mimi naona tuchukue mbalamwezi, tuingie ndani ya banda la mnada wa samaki, tuzibe ule upande wa baharini kwa maturubai ya boti. Naomba uende ukalipime banda kwa hatua zako, uniambie kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma ni umbali gani, na kama ule ukuta wameshaupaka chokaa. Umuulize mwenye jenereta bei yake ya usiku mmoja bila petroli. Ya petroli nitalipa mwenyewe. Projekta nakodi Dar. Haina mkanda, lakini inataka mtu wa kukaa nayo, asiyeondoka kwenda kuvuta sigara, wa kuwafukuza watoto wasipite mbele ya mwanga. Nimeshawaambia vijana kwamba mtu huyo ni wewe.

Kiingilio tuweke mia tano kwa wakubwa. Najua utasema walishiriki bure, tuwatozeje tena. Walioshiriki waingie bure, na jamaa zao mmoja mmoja. Wengine walipe, na fedha zote apewe yule mama aliyetuazima boti na mashine, mbele ya watu, zihesabiwe. Shemeji wa kwenye filamu ndiye atakayehesabu; naamini watamzomea.

Naondoka hapa kesho kutwa. Nakuletea kipande cha mkanda wa milimita 35, fundi amekikata mwenyewe akakifunga kwenye gazeti. Kina picha kumi na kitu za farasi anakimbia. Sijui ni filamu gani, labda wewe utaijua.

Wasalimie wote, na mwambie mama kitenge kimepatikana.

Mpwa wako